Kidonge cha Muscat na neno nililoliandika kwenye faili (Sehemu ya 9)

 

Najua niliahidi sehemu ya 9 itakuwa vidonda vya kisukari. Naomba mnivumilie, tutavirudia. Tangu Jumapili nimepokea meseji kumi na moja inboksi, zote zina picha ileile: boksi la vidonge, na maneno "dawa mpya ya saratani, huna haja ya dripu tena, tuma kwa wengine uokoe maisha". Mmoja wenu ameniuliza kama auze kiwanja. Mwingine mama yake ana saratani ya shingo ya kizazi na ndugu wameshachanga nusu ya pesa.

Kwa hiyo leo tuongee kuhusu hicho kidonge. Sitawaambia ni uongo, kwa sababu si uongo. Dawa ipo, na kuna mgonjwa wangu anaimeza asubuhi na jioni. Ila haimfai kila mtu, na ukielewa inavyofanya kazi utajua mwenyewe kwa nini.

Halafu kuna kosa langu. Nilikuwa sijawahi kulisema hadharani. Wahusika nimewaomba ruhusa, majina si yao, na mambo mengine nimeyageuza wasitambulike.

Nianze na kosa.

Miaka sita iliyopita nilikuwa zamu ya jioni, wodi ya wanawake. Tulikuwa manesi wawili, wagonjwa thelathini na kitu, wengine wamelala chini. Akaletwa mama wa miaka 41, nitamwita Mama Salma. Tumbo limejaa maji kama mjamzito wa miezi tisa, miguu imekonda. Nikachukua fomu ya kumlaza: jina, umri, mzio wa dawa, presha, sukari. Nikafika mstari unaosema historia ya ugonjwa katika familia.

Nikamuuliza huku naangalia dripu ya kitanda cha pili: "Mama, kwenu kuna mtu aliwahi kuugua saratani?"

Akasema, "Hapana sista, kwetu hakuna. Shangazi yangu tu alikufa kwa tumbo hivihivi, lakini yeye walimroga."

Nikaandika: Hakuna.

Neno moja. Nikageuza ukurasa.

Mama Salma alikuwa na saratani ya ovari, yaani vile vifuko vya mayai. Alitibiwa, akapata nafuu, ikarudi, akafariki baada ya mwaka na miezi. Aliacha binti mmoja, Salma, wakati huo ana miaka 13. Nyumbani kwao kule Tanga wakasema shangazi na mpwa kufa kwa tumbo lilelile si bure. Bibi mmoja jirani, mjane, akaanza kunyooshewa kidole mpaka watoto wake wakamhamisha mtaa. Hayo niliyajua baadaye sana.

Shikeni hapo. Sasa twende kwenye kidonge.

MAFUNDI WALIO NDANI YA MWILI

DNA, yaani vinasaba, wengi mnaijua kwa kesi za kupima mtoto ni wa nani. Ni uzi mwembamba sana ulioko ndani ya seli, umesokotwa kama ngazi ya kamba, una nyuzi mbili zilizoshikana. Humo ndimo yalimoandikwa maelekezo ya mwili: seli ifanye nini, igawanyike lini, iache lini.

Uzi huo unaharibika kila siku. Unaharibiwa na jua na moshi wa sigara, hata oksijeni unayovuta na maji yaliyomo ndani ya seli yenyewe. Katika seli moja, kwa siku moja, majeraha yanafika makumi ya maelfu. Sijakosea kuandika. Mswidi mmoja, Tomas Lindahl, ndiye aliyeonyesha kwenye miaka ya 1970 kwamba DNA inachakaa yenyewe kwa kasi ambayo, bila ukarabati, sisi tusingekuwepo. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia pamoja na Paul Modrich na Mturuki Aziz Sancar, ambaye kabla ya kuingia maabara alikuwa daktari wa kawaida huko kwao Savur. Wote watatu walituzwa kwa kazi ya ukarabati wa DNA.

Ukarabati unafanywa na vimeng'enya. Kimeng'enya ni protini yenye kazi maalumu. Ukitafuna ugali mkavu muda mrefu mdomoni unaanza kuwa mtamu, si ndiyo? Hicho ni kimeng'enya cha mate kinavunja wanga kuwa sukari. Sasa kwenye DNA wapo mafundi wa namna hiyo wengi, kila mmoja na kazi yake. Leo nataka mjue wawili tu.

Fundi wa kwanza anaitwa PARP. Huyu ni kama fundi baiskeli pale chini ya mwembe. Uzi mmoja kati ya ile miwili ukikatika, anafika haraka, anakaa juu ya jeraha, anaita wenzake, wanaziba. Ni pancha. Inazibwa, safari inaendelea.

Pancha isipozibwa je? Seli ikifika wakati wa kugawanyika, ile mashine ya kunakili uzi inapita juu ya lile jeraha, na uzi unaweza kukatika wote, nyuzi mbili kwa pamoja. Hapo si pancha tena, tairi limepasuka. Inatakiwa gereji kubwa.

Fundi wa pili ndiye wa gereji kubwa. Ni BRCA, na wako wawili: BRCA1 na BRCA2. Hawa wanasaidia kuunganisha uzi uliokatika wote, kwa kuangalia nakala nyingine nzima iliyo pembeni, ili herufi zirudi zilivyokuwa. Mmarekani Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kwamba saratani ya titi inayorudiarudia kwenye baadhi ya koo inatokana na jeni lililoko kwenye kromosomu ya 17. Jeni lenyewe, BRCA1, likapatikana mwaka 1994. Kabla ya hapo madaktari wengi hawakuamini kwamba saratani ya kawaida namna hiyo inaweza kufuata jeni moja.

UFA UNAORITHIWA

Kila mtu ana nakala mbili za BRCA1, moja ya mama na moja ya baba. Wengine wanazaliwa na nakala moja yenye ufa. Hawaumwi chochote, kwa sababu nakala ya pili nzima inafanya kazi. Lakini siku moja, kwenye seli moja ya titi au ya ovari, ile nzima nayo inaharibika. Seli hiyo imebaki bila gereji. Makosa yanarundikana, na moja ya makosa hayo linaondoa breki. Hapo saratani inaanza.

Ndiyo maana mwanamke mwenye ufa wa BRCA1 ana uwezekano wa karibu 7 kati ya 10 kupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80, na karibu 4 kati ya 10 kupata ya ovari. Soma tena hizo namba, halafu kumbuka shangazi na mpwa.

Na jamani, ufa huu haupiti kwa wanawake peke yao. Baba anaupitisha kwa binti kama kawaida. Mwanaume mwenyewe anaweza kupata saratani ya tezi dume, hata ya titi. Mtoto yeyote wa mzazi mwenye ufa ana nusu kwa nusu ya kuurithi, wa kike kwa wa kiume.

SASA KIDONGE

Hapa ndipo pananifurahisha mimi kama nesi.

Mtu mwenye miguu miwili mizima ukimnyang'anya mkongojo, anakushangaa tu, anaendelea na safari. Mtu mwenye mguu mmoja ukimnyang'anya mkongojo, anaanguka.

Seli ya saratani iliyokosa BRCA ina mguu mmoja. Inaishi kwa kuegemea mafundi wadogo, PARP akiwemo. Kidonge hiki, olaparibu, kinamzuia PARP. Tena hakimzuii tu, kinamnatisha palepale juu ya DNA. Fikiria fundi aliyeinama katikati ya barabara kuziba pancha, ukamfunga kamba hapohapo, halafu lori likaja. Lori ndiyo ile mashine ya kunakili. Uzi unakatika wote, na gereji kubwa haipo. Seli inakufa.

Na seli zako nzima? Zile bado zina ile nakala moja nzima ya BRCA, gereji ipo, zinakarabati. Zinachoka, tutaona madhara, lakini nyingi hazifi.

Mmeona? Ufa uleule uliomletea mgonjwa saratani ndio unaotumiwa kuiua.

Mwezi Aprili 2005 vikundi viwili vya watafiti Uingereza, kimoja cha Sheffield na kingine cha London, walitangaza jambo hili pamoja kwenye jarida la Nature: seli zisizo na BRCA zinakufa vibaya sana PARP akizuiwa. Mwaka 2009 yakatoka matokeo ya wagonjwa 60 wa kwanza. Desemba 2014 olaparibu ikaruhusiwa Marekani na Ulaya kwa saratani ya ovari yenye ufa wa BRCA.

Inasaidia kiasi gani? Mwaka 2018 walitoa majibu ya wanawake 391 waliokuwa na saratani ya ovari iliyosambaa, wana ufa wa BRCA, na dripu ziliwasaidia. Wengine walipewa olaparibu mpaka miaka miwili, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitatu, kati ya kila 100 waliopewa dawa, 60 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Waliokosa dawa ni 27. Baada ya miaka saba, waliokuwa hai ni 67 kwa 100, dhidi ya takriban 47. Kwa saratani ya ovari, ninayoijua mimi wodini, hizo namba zilinifanya nikae chini.

Lakini ona masharti. Ufa umepimwa ukaonekana. Dripu zimetangulia. Hakuna aliyeanza na kidonge akaacha dripu.

Sasa wewe uliyeniuliza kuhusu mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi: saratani ile chanzo chake kikubwa ni kirusi cha HPV, si ufa wa BRCA. Kidonge hiki si tiba yake. Mionzi na dripu ndiyo njia yake, na ikiwahiwa inapona. Rudisheni pesa za watu, au mlipie nauli na chakula mama ahudhurie mionzi yote bila kukosa hata siku moja. Hapo mtakuwa mmemwokoa kweli.

MWANAIDI

Mwaka juzi mwishoni nilihamishiwa kliniki. Akaja binti wa miaka 34, ana uvimbe titi la kushoto mkubwa kama limau. Akanitazama sana. Akasema, "Sista, wewe ndiye uliyemlaza dada yangu."

Alikuwa mdogo wake Mama Salma. Nitamwita Mwanaidi.

Nikachukua fomu. Nikafika kwenye ule mstari. Safari hii nikavuta kiti. Nikaanza na mama, bibi, mama wadogo, kisha upande wa baba. Ndipo akasema, "Kuna shangazi alikufa kwa tumbo. Dada alikuwa anasema alikwambia."

Alikuwa ameniambia kweli, na niliikumbuka mpaka sauti yake.

Nimejiuliza mara nyingi: ningeandika vizuri siku ile, Mama Salma angepona? Sidhani. Ugonjwa wake ulikuwa umeshafika mbali. Lakini daktari angesoma "shangazi wa baba, tumbo kujaa maji, alifariki" angeuliza wadogo zake wako wapi. Mwanaidi angekuwa na miaka 30. Angeambiwa aanze kuchunguzwa matiti kila mwaka. Huenda uvimbe ule tungeukuta ukiwa punje ya harage. Huenda. Ndilo neno ninalotembea nalo.

Vipimo vikaonyesha uvimbe wake ni wa ile aina isiyojibu dawa za homoni wala dawa za HER2, aina ambayo kwa watu wenye ufa wa BRCA1 huonekana sana. Akaanza dripu. Ya kwanza akavumilia. Ya pili nywele zikatoka zote, akatapika siku nne. Ya tatu hakuja.

Nikampigia. "Mdogo wangu, vipi mbona sijakuona?"

"Sista, kaka kasema nisubiri. Kuna vidonge kaviona huko Muscat, haviumizi kama dripu. Anavileta."

Nikaomba namba ya kaka. Ni mtu mzima, ana miaka zaidi ya hamsini, yuko Oman miaka mingi kwenye duka la vipuri. Nikampa shikamoo yake, akaitikia, tukaongea karibu saa nzima. Hakuwa mjinga jamani. Alikuwa ameshazika dada mmoja na hakutaka kuzika wa pili. Aliniuliza swali moja la mwenye akili: "Sasa kama kidonge kinaua saratani, dripu ya nini?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, halafu nikaongeza hili, na wewe lishike. Kuna dripu za jamii ya platini, sisplatini na kaboplatini. Hizi zinanata kwenye DNA na kuiharibu, na ili seli ipone inahitaji gereji ileile ya BRCA. Kwa hiyo mgonjwa mwenye ufa mara nyingi dripu hizi zinamjibu vizuri kuliko wengine. Ile dripu anayoikimbia inatumia mlango uleule wa kidonge, tena ipo hapahapa nchini. Kusubiri ni kuupa uvimbe miezi ya bure.

Nikamwambia: "Kaka, pesa ya kidonge iweke. Lipa kwanza kipimo cha jeni. Na umwambie mdogo wako arudi kwenye dripu kesho."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mpe simu nitamwambia mwenyewe." Nikamkumbusha kwamba nimepiga kutoka kazini na Mwanaidi yuko kwao. Tukacheka wote wawili, ile cheko ya watu waliochoka.

Mwanaidi alirudi keshokutwa yake. Sampuli ya damu ilibidi isafirishwe nje ya nchi, tukasubiri wiki kadhaa. Majibu yakaja: ufa kwenye BRCA1.

Akamaliza dripu, akafanyiwa upasuaji. Uvimbe ulikuwa umesinyaa sana lakini mabaki yalikutwa. Akapata mionzi. Kwa mtu kama yeye, mwaka 2021 kulitoka majibu ya utafiti mkubwa wa watu 1,836 wenye saratani ya titi ya hatua za mwanzo isiyo ya HER2, wana ufa wa BRCA, na hatari ya kurudi ni kubwa. Waliomeza olaparibu mwaka mmoja baada ya matibabu yote, karibu 86 kati ya 100 walikuwa bila ugonjwa miaka mitatu baadaye. Wasiomeza, 77. Tofauti ni watu tisa kwa kila mia. Usiidharau, kama Mwanaidi ni mmoja wa hao tisa.

Sasa ndiyo kaka akanunua kidonge, daktari akiwa ameandika na ufa ukiwa umeonekana. Na nitasema ukweli: bei aliyotajiwa ya boksi la mwezi mmoja ilizidi mshahara wangu wa miezi kadhaa. Ananunua mwezi kwa mwezi. Uko mwezi wa nne. Kila mwezi kwao wanahesabu vitu viwili, damu na pesa.

Damu kwa sababu kidonge hiki kinapunguza damu. Mwezi wa pili Mwanaidi alishuka mpaka tukamwongezea chupa mbili, dawa ikasimamishwa kidogo, akarudishwa kwa dozi ndogo. Anayetumia lazima apimwe damu kila mwezi, angalau mwaka wa kwanza. Kichefuchefu kipo, uchovu upo. Mara chache sana inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa uboho. Usishike mimba ukiwa unatumia. Balungi usile. Na kwa sisi huku ni muhimu: kama unatumia dawa za TB, sema! Rifampisini inaifanya dawa hii iishe mwilini haraka mno, utakuwa unameza pesa bure. Haya yote yule aliyekutumia picha ya boksi hakukwambia.

Tena saratani ni janja. Kuna wagonjwa ambao baada ya muda uvimbe unapata badiliko jipya linalorudisha BRCA kazini. Gereji inafunguliwa tena, kidonge kinaacha kufanya kazi. Kwa hiyo msikie mtu anasema "tiba ya uhakika", mkimbieni.

KAMA HUNA KAKA MUSCAT

Wengi wenu mtasema, sista unatueleza ya matajiri. Mnayo haki. Mimi mwenyewe wagonjwa wangu wengi hawatakigusa kidonge hicho mwaka huu, na hilo linaniuma.

Lakini vitu vitatu havihitaji Muscat. Cha kwanza, dripu na mionzi, usikatize. Nimeshasema kwa nini. Cha pili, kipimo cha jeni: kikishafanywa kwa mmoja na ufa ukajulikana, ndugu wengine wanatafutiwa ufa huohuo tu, inakuwa rahisi zaidi. Muulizeni daktari wenu, hasa kama umepata saratani ya titi ukiwa kijana, au una ya ovari, au titi na ovari zinarudiarudia kwenu. Cha tatu ni cha bure kabisa, na ndicho nilichoshindwa mimi: historia ya familia.

Kaka mwenyewe mpaka naandika hajapima. Alisema, "Sista, mimi mwanaume, nina ovari?" Ana mabinti watatu. Simlaumu, mtu anapima akiwa tayari. Lakini aliyekuwa tayari kununua dawa ya bei ile, naomba siku moja awe tayari kutoa damu kidogo mkononi.

Mwezi uliopita Mwanaidi alikuja kliniki na Salma. Ana miaka 19 sasa, mrefu, anafanana na mama yake mpaka nilishtuka. Daktari akamweleza taratibu: inawezekana umeurithi, inawezekana hukuurithi, ni nusu kwa nusu, kupima ni hiari yako. Ukiwa nao, ukifika miaka 25 utaanza kuchunguzwa matiti kila mwaka, na baadaye, ukishazaa unaotaka, tutaongea kuhusu kutoa ovari kabla hazijaleta shida. Mazungumzo hayohayo ya ovari yanamsubiri mama yake mdogo mwaka huu.

Salma alisikiliza bila kuuliza. Walipotoka, nilikuwa mlangoni. Akaniuliza mimi: "Sista, kwa hiyo mama hakurogwa?"

Nikamwambia, "Hapana mwanangu. Mama alizaliwa na ufa mdogo, na hakuna mtu aliyemtia."

Akasema, "Basi yule bibi inabidi tukamwombe radhi."

Mimi nilikuwa na yangu ya kuomba radhi, na nikaiomba palepale. Nilimwambia mama yake alinieleza na mimi sikuandika. Alinitazama kwa muda. Hakusema nimekusamehe wala hakusema chochote. Alinishika mkono tu, wakaondoka kuwahi gari.

Kazi yenu ya wiki hii, wote. Kaeni na mzee mmoja wa upande wa mama na mmoja wa upande wa baba. Ulizeni nani alikufa kabla ya miaka 60, na alikuwa anaumwa wapi. Msiulize "nani alikuwa na saratani", hawatajua. Ulizeni tumbo, ziwa, mkojo, kukonda. Hata yule aliyeambiwa amerogwa, hasa huyo, mwandikeni. Wekeni kwenye simu. Siku nesi akikuuliza, mwonyeshe. Na akitaka kuandika "hakuna" huku anaangalia pembeni, mwambie: subiri sista, bado sijamaliza.

Zamu ya usiku inaniita. Vidonda vya kisukari Ijumaa, inshallah. Maswali yawekeni hapo chini, lakini majina ya wagonjwa wenu msiyaandike hadharani.

Muwe salama.